Maji yako ukutani, si hewani: miaka miwili na mashine kubwa ya kuondoa unyevu

Bomba lilipasuka usiku nyuma ya ukuta wa stoo yangu ya chini ya ardhi, na kufika asubuhi sakafu nzima ilikuwa imelowa. Tukakausha kwa matambara, tukafungua mlango, tukawasha feni mbili, tukajua yamekwisha. Siku ya tano nikafungua kabati la mafaili na kukuta majalada ya ngozi yameota ukungu wa kijani, na ile harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi. Ndipo niliponunua mashine ninayoieleza hapa. Ni ile kubwa ya magurudumu wanayoitumia mafundi wa kukausha nyumba zilizoingia maji, si ile ndogo ya chumbani yenye kitangi cha lita mbili. Ina kompresa kama ya friji, ina pampu ndani yake ya kutoa maji nje, ina uzito wa kilo 48, na ubavuni imeandikwa lita 70 kwa siku.

Hizo lita 70 nataka niziseme mapema, kwa sababu ndizo zinazowafanya watu warudishe mashine nzima wakidhani ni mbovu. Siku ya kwanza yangu ilitoa lita 31. Nikakasirika, nikaichukua karatasi ya maelezo na kuisoma hadi maandishi madogo ya chini: kipimo kilichukuliwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Stoo yangu ilikuwa na nyuzi 24. Hewa ya baridi inabeba maji machache, kwa hiyo mashine ileile inapata machache. Marekani walibadilisha kipimo chao mwaka 2019, wakaacha kupima kwenye nyuzi 27 na kuanza kupima mashine za kuhamishika kwenye nyuzi 18 hivi. Zilizokuwa zikiuzwa kama za painti 70 (painti ya Marekani ni karibu nusu lita) zikaanza kuandikwa painti 50, na ndani zilikuwa ni zilezile. Kwa hiyo ukilinganisha mashine mbili, angalia kwanza kila moja ilipimwa kwenye joto gani, ndipo uangalie lita.

Jambo lililonifungua macho zaidi lilikuja nilipokaa na kalamu. Stoo yangu ina ukubwa wa mita 8 kwa 5, na dari iko mita 2.5, yaani mita za ujazo 100. Hewa ya nyuzi 24 ikijaa unyevu kabisa inabeba gramu 22 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Kwa unyevu wa asilimia 84 niliokuwa nao, maji yote yaliyokuwa hewani mle ndani hayakufika hata lita mbili. Lita mbili! Na mashine imetoa 31 kwa siku moja. Zilizobaki, nyingi zilitoka kwenye plasta, kwenye saruji ya sakafu, kwenye mbao za rafu na kwenye karatasi. Mashine inakausha hewa, hewa kavu inauvuta unyevu kutoka ukutani, mashine inaukamata tena. Ndiyo maana hewa inaweza kuonekana kavu baada ya saa nne tu, halafu ukizima, kesho yake unyevu umerudi palepale. Ukuta ndio unaopumua. Mimi nilihitaji siku 11 mfululizo, na siku za mwisho ilikuwa ikitoa lita nne au tano tu. Wengi wanaizima siku ya tatu kwa kuona maji yamepungua, na hapo wanakuwa wamekausha rangi ya juu tu.

Usiku wa kwanza nilifanya kosa ambalo nimeona watu wengi wakilifanya: niliacha dirisha dogo wazi ili hewa ipite. Nje kulikuwa na mvua. Nilikuwa ninajaribu kukausha mvua. Ukiiwasha mashine hii, funga milango, funga madirisha, ziba hata tundu la chini ya mlango kwa taulo, kisha washa feni ya kawaida ndani ya chumba iipeleke hewa pembeni na nyuma ya makabati. Usiisukume mashine hadi ukutani. Mimi ninaiachia nafasi ya nusu mita upande inapovutia hewa na ule inapotolea.

Chumba kitapata joto, na hakuna ubovu wowote hapo. Kila lita ya mvuke inayogeuka kuwa maji kwenye koili, yaani yale mabomba ya baridi ndani ya mashine, inaachia joto karibu uniti 0.68 za umeme. Kwa lita 31 ni uniti 21. Mashine yenyewe inakula wati 900 hivi, nayo ni uniti 21 nyingine kwa siku, na zote zinaishia kuwa joto humohumo ndani. Lile joto la mvuke sehemu kubwa inarudi kutumika kuukausha ukuta, lakini la umeme linabaki, kama kuwa na hita ya wati 900 inayowaka usiku na mchana. Stoo yangu ilipanda hadi nyuzi 29. Kwa kazi ya kukausha joto hilo linasaidia, lakini usiiweke chumba anacholala mtoto au mgonjwa. Tena joto linadanganya kipimo, maana hewa ikipata joto asilimia ya unyevu inashuka hata kama maji ni yaleyale. Kwa hiyo nikitaka kujua kama chumba kimekauka kweli, ninazima mashine, ninafunga mlango, ninasubiri siku nzima chumba kipoe, ndipo ninasoma.

Na kusoma kwenyewe kunataka kipima unyevu kinachosema kweli. Kile kilichojengwa ndani ya mashine kiko karibu na koili, kinasoma hewa ya pale. Nikanunua kingine kidogo cha kusimamisha rafuni, nikakijaribu kwa chumvi ya mezani. Unachukua kifuniko cha chupa, unajaza chumvi, unadondoshea maji tone moja moja mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni, isiyeyuke yote. Unaweka kifuniko hicho na kipimo ndani ya mkebe mmoja wa plastiki, unafunga vizuri, unakiacha usiku kucha mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa inatulia kwenye asilimia 75, hata ufanye mara mia. Changu kilisoma 69. Kumbe nilikuwa ninajipongeza kwa asilimia 54 ambayo kwa kweli ilikuwa kwenye 60, pale ukungu unapoanza kupata nguvu. Nimekibandika karatasi ndogo mgongoni: ongeza 6.

Sasa matunzo, maana hapa ndipo mashine hizi zinapofia. Mwezi wa nne hivi, fundi alikuwa akipiga msasa milango kwenye chumba cha jirani. Wiki mbili baadaye maji yakashuka kutoka lita 12 kwa siku hadi tatu, na sauti ya feni ikawa nzito, kama mtu anayepumua kwa pua iliyoziba. Nikamwita fundi wa friji. Alisikiliza, akagusa ubavu, akasema gesi imekwisha, inabidi kujaza. Nilimwomba tufungue kifuniko cha mbele kwanza. Koili yote ilikuwa imefunikwa barafu nyeupe, sawasawa kutoka juu hadi chini. Chujio lilikuwa limevaa vumbi la mbao kama blanketi. Ukilishika mbele ya taa, mwanga haupiti.

Tangu hapo nimejifunza kuisoma barafu. Ikifunika koili nzima, aghalabu hewa haipiti: chujio limeziba, feni imechoka, au chumba kimekuwa baridi mno. Ikikaa kipande cha mwanzo tu, pale bomba jembamba linapoingia, na sehemu nyingine ya koili ni kavu na ya vuguvugu, hapo ndipo unapokuwa na sababu ya kushuku gesi. Mfumo wa gesi umefungwa moja kwa moja, na gesi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na kujaza bila kutafuta tundu ni kutupa pesa. Tukazima kompresa, tukaacha feni pekee ikifanya kazi hadi barafu ikayeyuka. Nikaosha chujio kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikalianika kivulini hadi likauke kabisa. Kesho yake lita 11. Nusura nilipie gesi ambayo haikuhitajika, na yule fundi hadi leo sijamwita tena.

Usichokonoe barafu kwa bisibisi. Chini yake kuna bomba na vibati vya alumini vyembamba kama karatasi, na ukilitoboa bomba moja umeua mashine.

Sasa chujio ninalitazama kila baada ya wiki mbili, na kukiwa na kazi ya vumbi karibu, kila siku. Koili ninaisafisha mara mbili kwa mwaka. Ninachomoa plagi, ninatumia brashi laini kufuata mkao wa vibati, juu kwenda chini, kamwe si kukata upande, kwa sababu vinajikunja na kuziba njia ya hewa. Dawa ya klorini ya kufulia siiweki hapo. Inakula alumini, na ikikutana na siki inatoa gesi inayochoma mapafu. Nalisema hilo kwa sababu siki ninaitumia kwenye pampu.

Pampu ndiyo sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote. Maji yanadondoka kwenye sinia, yanaingia kwenye kisima kidogo, boya linapanda, pampu inayasukuma juu kwenye mpira hadi dirishani. Ikifanya kazi ni raha, unaweza kusafiri. Lakini mle ndani kuna giza, maji na vumbi, na baada ya miezi michache unaota utelezi wa rangi ya udongo unaolikamata boya. Siku boya liliponata, mashine ilijizima yenyewe kama ilivyoundwa, nami sikuwepo kwa siku tatu. Unyevu ukapanda. Tangu hapo kila mwezi ninamwaga nusu lita ya maji yaliyochanganywa na siki kisimani, ninaiacha nusu saa, ninaisukuma nje, kisha ninasuuza kwa maji safi. Nilipobadili mpira nikaweka ule unaoonyesha ndani, ili utelezi niuone kabla haujaniona. Na usipotumia pampu, mpira ushuke moja kwa moja hadi mwisho wake, bila kupanda hata kidogo katikati. Pale unapopinda juu maji yanasimama, na sinia inafurika.

Maji yake hayafai kunywa, hata yakionekana safi kama kioo. Yamepita kwenye metali na vumbi. Mimi ninapigia deki.

Umeme: ilete kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi. Nilianza na ekstensheni nyembamba iliyozungushwa kwenye kigurudumu chake, na baada ya saa moja plagi haikushikika kwa moto. Ikibidi ekstensheni, iwe nene, fupi, na uitandaze yote. Ukizima, subiri dakika tatu au zaidi kabla ya kuwasha, ili presha ya gesi itulie, la sivyo kompresa inagoma na kunguruma. Na wakati wa kuhamisha, isimamishe. Yangu ililazwa ubavu kwenye gari siku moja, nami niliiacha imesimama saa 24 kabla ya kuiwasha, ili oili irudi chini kwenye kompresa.

Nimeiweka kwenye asilimia 50. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri nyumba ikae chini ya 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Lakini kwenye stoo yenye mbao sioni faida ya kushuka hadi 30. Mbao zinapasuka, na kompresa hailali. Shirika hilohilo linasema kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili ukungu usiote, na kwa majalada yangu mimi nilichelewa.

Malalamiko yangu ni kelele, ambayo haikuruhusu kupokea simu humo ndani, na kifuniko cha chujio kinachofungwa kwa skrubu nne badala ya kubanwa tu. Kitu kinachopaswa kufunguliwa kila wiki mbili hakipaswi kudai bisibisi. Zaidi ya hapo ningeinunua tena. Mita yake inaonyesha saa 3,140, kompresa ni ileile, nimebadilisha chujio moja na mpira mmoja. Kabla ya kulipia yako, muulize muuzaji kama chujio, pampu na boya vinauzwa peke yake, na mwambie akuonyeshe vikiwa rafuni.