Steshenari za kujaza fomu Unguja na Pemba: lipia skana, neno la siri libaki kwako

Matokeo ya kidato cha sita yakikaribia, steshenari za Mwanakwerekwe, Darajani na Chake Chake huongeza kibao mlangoni. Chini ya "Vivuli na Laminesheni" hubandikwa karatasi nyingine: "Tunaomba Vyuo, Mikopo, Ajira, JKT." Ukiitazama foleni utaona wazazi ni wengi kuliko wanafunzi. Tangu 2013 wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa tena Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na wengi huondoka kabla matokeo hayajatoka. Matokeo hutoka Julai, dirisha la mkopo kwa kawaida huwa wazi kati ya Juni na Agosti, na wakati huo mtoto yuko kambini Ruvu, Mgambo au Bulombora, simu anaipata kwa nadra. Nyumbani amebaki baba na bahasha ya vyeti. Anaipeleka dukani.

Tuanze na kazi ambayo maduka haya yanaifanya vizuri, nayo ni skana. Skana ya mezani haina mshindani, hasa kwa hati zetu ambazo mhuri wake mara nyingi ni hafifu. Mhuri wa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wako, ukipigwa picha kwa simu chini ya taa ya duka, nusu ya duara hupotea. Agiza mambo matatu: iwe ya rangi, iwe ya nukta 300 kwa inchi, na kila hati iwe na faili lake la PDF lenye jina linalosomeka. Tatizo huja mfumo unapokataa faili kwa ukubwa. Kijana wa duka hulibana, likikataliwa hulibana tena, mpaka 3 na 8 kwenye namba ya cheti cha kuzaliwa hazitofautiani. Kabla ya kulipa, mwambie aikuze hati kwenye skrini mbele yako. Namba isomeke, mhuri uonekane wote, kisha mafaili yaingie kwenye flashi yako na nakala zifutwe kwenye kompyuta yake. Maduka mengi hayafuti mpaka yaambiwe, na ukikaa kwenye kiti cha mteja utaviona vyeti vya watu wengine vimetandazwa kwenye skrini ya kompyuta. Kwa hilo peke yake tunayapunguzia alama.

Kwenye mkopo, ubora wa maduka unapishana sana. Ada ya maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali na hairudishwi. Gharama ya duka ni nyingine kabisa. Ukitajiwa jumla tu bila mchanganuo, uliza, na risiti ya ile 30,000 uondoke nayo.

Duka linalojua kazi yake utalitambua kwa swali la kwanza: "Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa?" Aliyezaliwa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar (ZCSRA), aliyezaliwa Bara huhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa huko, na cheti cha kifo cha mzazi hufuata njia hiyo hiyo. Kuna maduka yanayompeleka kila mtu RITA kwa mazoea, siku zinapita, na jibu linalorudi ni kwamba kumbukumbu haikuonekana. Uhakiki ndio unaokula muda, kwa hiyo uanze kabla mtoto hajaondoka kwenda kambini. Fomu ikishachapishwa, inakwenda kwa sheha, kwa mdhamini, kisha kwa hakimu au wakili, halafu inarudi kwenye skana. Ukiambiwa "tuma kwanza, utasainisha baadaye", chukua bahasha yako uondoke.

Majina nayo. Cheti kimeandikwa Mohd, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Mohamed, na kijana wa duka anaandika Muhammad kwa sababu ndivyo alivyosikia. Kuna Khamis na Hamisi, Sleiman na Suleiman. Kinachofuatwa ni jina lililo kwenye cheti cha mtihani, herufi kwa herufi. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuombea chuo iwe ile ile ya kwenye mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Ikitumika moja huku na nyingine kule, mfumo hauwezi kuoanisha udahili na mkopo.

Sasa tuje kwenye neno la siri, ambalo ndilo kasoro kubwa ya huduma hii. Ili kazi iende haraka, duka hufungua akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Kwa siku ile hakuna kinachoharibika. Madhara huonekana mwanafunzi akishachaguliwa na vyuo viwili au vitatu. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unamtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe iliyoombewa, na ndani ya muda uliopangwa. Namba hiyo ikiingia kwenye simu ya kijana wa duka ambaye ameshaacha kazi, nafasi inaning'inia. Barua pepe ifunguliwe nyumbani kwa simu ya mzazi, laini iwe ya mtu atakayekuwepo Unguja au Pemba mpaka Oktoba, na neno la siri liandikwe kwenye daftari la familia. Dukani, mteja aliandike mwenyewe.

Ushauri wa kozi usiununue steshenari. Sharti la chini la shahada kwa wahitimu wa miaka hii ni ufaulu wa masomo makuu mawili yenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Mwenye D mbili anaingia, mwenye C na E anaingia. Mwenye D, E na E hana sifa, kwa sababu mawili bora yanampa 3. Maduka mengi hujumlisha yote matatu, yakapata 4 na kutuma maombi, na ada ya maombi ya chuo ikapotea. GS (General Studies, somo la maarifa ya jumla) si somo kuu, isihesabiwe. Tena Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ina maombi yake na masharti yake, isichanganywe na HESLB kwa kuwa zote zinaitwa "bodi".

Kwa JKT, duka hukutolea ukurasa wenye jina na kambi, basi. Ule wa vifaa hauchapishwi mpaka uuombe, na ndio wenye kazi: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, inayofika magotini, bila zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Fundi asiyeonyeshwa karatasi atakutilia zipu. Aliyepangiwa Mafinga abebe nguo za baridi za kweli, maana sweta la kuvalia boti halitoshi. Nyaraka za udahili wa chuo nazo zimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo vivuli vitolewe seti mbili.

Maombi ya ajira ni dhaifu kuliko yote. Barua ni ile ile kwa kila mteja, na nafasi aliyoomba mtu wa jana huachwa ndani. Matangazo ya Tume ya Utumishi Serikalini hutaka nafasi iainishwe, na mara nyingi hukataa taarifa ya matokeo pale panapotakiwa cheti. Duka litakuskania chochote unachompa. Barua iandike mwenyewe, duka lichape tu. Na aliyemaliza kidato cha nne anayetaka ufundi wa umeme, mabomba au ushoni hana haja ya foleni hii: aende moja kwa moja kituo cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Mwanakwerekwe au Mkokotoni, na kwa Pemba Vitongoji, akaulize fomu kwenye kaunta yao.