Plagi na Jeti za Pikipiki Nairobi: Anza na Ipi?

Ukiingia duka la spea Barabara ya Kirinyaga ukaulizia plagi ya kuongeza nguvu, utawekewa ya iridiamu (aina ya metali ngumu) mkononi kabla hujamaliza sentensi. Subiri kwanza. Fungua ile uliyo nayo, uitazame pua, ile ncha ya katikati inayotoa cheche.

Ikiwa nyeusi, ina masizi makavu, huenda plagi haina kosa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kabureta iliyopimiwa pwani inamwaga petroli kuzidi hewa iliyopo. Mimi nilibadilisha plagi mbili ndani ya mwezi mmoja, pikipiki bado inakohoa ikipanda mlima, mpaka fundi alipotoa jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, akaweka ndogo kwa saizi moja. Kikohozi kikaisha jioni ile.

Basi namba 1 kwangu si plagi, ni hiyo jeti, baada ya kusafisha chujio la hewa. Ila usipunguze kupita kiasi. Petroli ikikosekana injini huchemka, pua inakuwa nyeupe kama chokaa, na pistoni iko hatarini. Tafuta rangi ya chai ya maziwa.

Namba 2 ni plagi ya kawaida ya nikeli, yenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kwa bodaboda inatosha kabisa. Chunga namba ya joto iliyo ndani yake: kwa plagi za NGK na Denso namba hiyo ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani hupoteza joto haraka, ilhali kwa Bosch ni kinyume. Na kama maandishi yanafutika kwa kidole, au kucha (kile chuma kilichopinda) haikukaa sawasawa juu ya pua, huenda ni feki, mrudishie mwenye duka.

Namba 3, iridiamu. Usitarajie kuhisi nguvu mpya, unalipia kudumu. Madini hayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 2,446 hivi, ndiyo maana pua inaweza kuwa nyembamba kama sindano. Usiigongegonge kurekebisha nafasi kati ya pua na kucha, itavunjika.

Zile za kucha tatu au nne ziache. Cheche huruka kwenye kucha moja tu kwa wakati.

Kufunga: injini ikiwa baridi, zungusha kwa vidole mpaka ikae, kisha, kwa plagi mpya, spana nusu mzunguko. Ikikataa kwa vidole, itoe uanze upya. Uzi wa silinda hedi, pale plagi inapofungwa, ukiliwa, utalipa zaidi ya bei ya plagi kumi.