Suruali ya kuingia nayo miibani: ipi uishoneshe, ipi uinunue, ipi uiache sokoni

Mwiba wa mgunga una tabia mbili. Kwenye tawi lile lile utakuta miiba mirefu myeupe iliyonyooka kama sindano, na katikati yake mifupi iliyopinda kama kulabu. Mrefu unachoma, mfupi unashika. Kikwata, mti mwingine wa miiba, yeye ni kulabu tupu, zimepangwa mbili mbili. Kikulagembe ana ncha ya kitawi iliyokakamaa, inayotoboa hadi tairi la baiskeli. Ukishawajua hao watatu, umeshajua nusu ya ununuzi, kwa sababu nguo ya porini hushindwa kwa njia hizo hizo: ama sindano inapenya, ama kulabu inavuta uzi.

Ndiyo maana naanza na suruali. Anayewinda kwale na kanga, anayerina asali na anayefuata ng'ombe aliyepotea, wote huumia zaidi kati ya kifundo cha mguu na paja. Pesa yako iende huko kwanza. Shati litasubiri.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio mawili. Nyoosha kitambaa uelekeze kwenye jua. Ukiona vitone vya mwanga, sindano ya mgunga nayo itaona njia. Kisha chukua pini uliyotoka nayo nyumbani, uisukume polepole ukiwa umeweka kitambaa juu ya kipande cha sponji. Kitambaa kizuri kinaigomea. Muuzaji akikataa pini, mwombe kipande cha pembeni. Akikataa na hicho, nenda meza inayofuata.

Namba moja kwangu ni suruali ya kushonesha: kaki nzito ya pamba, ile yenye mistari ya mshazari ukiitazama kwa karibu, halafu mbele, kuanzia katikati ya paja hadi chini, inaongezwa tabaka la turubai la pamba. Sisemi lile la plastiki la kufunikia mizigo. Turubai la pamba utalipata kwa mafundi wa viti vya magari na wa mahema, na vipande vilivyobaki wanaviuza kwa bei ya kupatana. Linalofaa lina uzito wa gramu 340 hadi 400 hivi kwa mita ya mraba. Tabaka mbili za mbele zinazuia mwiba, na nyuma kunabaki kaki peke yake, hivyo mwili unapumua. Kwa kiangazi cha Dodoma, ambacho asubuhi ya Juni unatetemeka na saa saba mchana unatafuta kivuli, sijaona mpangilio unaoshinda huu.

Lakini suruali hiyo huharibikia kwa fundi, na hapa nakuomba uwe msumbufu. Loweka kaki na turubai usiku mzima, ukaushe, ndipo upeleke. Pamba hurudi, na turubai linaporudi peke yake linakunjamanisha suruali nzima. Mwambie atumie uzi wa polista, maana uzi wa pamba hukatika kwenye mshono wakati kitambaa bado ni kizima. Sindano ya cherehani iwe namba 16 au 18. Mshono uwe wa kulaza wenye mistari miwili ya uzi, kama ule wa jinzi, usiache ukingo uliosimama nje. Mifuko ya kubandika mapajani usiitake, wala pindo la kukunja nje chini: mifuko inashikwa na kulabu, pindo linakusanya mbegu za majani na vijiti. Mwisho, chuchumaa mbele ya fundi. Ikikubana magotini, ataachia sasa, kabla hujaipasua mwenyewe mbali na nyumbani.

Namba mbili ni suruali za kazi zinazouzwa madukani kwa ajili ya mafundi ujenzi, za mchanganyiko wa pamba na polista. Zinakauka haraka na hazichakai upesi. Kasoro yake kubwa ni rangi. Nyingi ni za bluu iliyokoza, na mbung'o hupenda bluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukienda upande wa mapori ya akiba ya Kizigo au Muhesi na suruali ya bluu, umebeba mtego mwilini. Tafuta ya rangi ya udongo au ya ugoro.

Namba tatu, jinzi ya mtumba. Kwenye soko la Sabasaba, Dodoma, ukiwahi marobota yakifunguliwa, utapata jinzi za kazi za zamani, nzito, za pamba tupu, kwa pesa kidogo kuliko nguo yoyote mpya. Ivute kwa upana: ikinyumbuka kama mpira, iache. Mimi niliingia kwenye kikwata na jinzi ya kunyumbuka, iliyonikaa vizuri sana mjini. Kulabu ziliivuta, ikakubali kuvutika, na nilipojinasua ikarudi na miiba yake hadi kwenye nyama ya paja. Jinzi nzito isiyovutika ingechanika kidogo na kuniachia. Shida ya bluu inabaki pale pale, na ikilowa umande haikauki mapema.

Suruali ya turubai tupu naiweka nne. Hakuna mwiba unaoiweza kirahisi, lakini inasugua mapaja, inapiga kelele kila hatua, na mchana ni tanuri. Chini yake ziko zile za pamba iliyopakwa nta. Zilibuniwa kwa mvua na baridi za nchi kama Uingereza. Kwetu nta inaziba hewa na kumlowesha mvaaji kwa jasho lake mwenyewe.

Trakisuti na suruali za nailoni nyembamba za mvua usipoteze nazo muda.

Kuna jambo moja la sheria ambalo wanunuzi wa mitumba hulipuuza. Nguo za mabaka, zinazofanana na sare za jeshi, usinunue hata kama ni imara kuliko zote mezani. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa wananchi siku saba kusalimisha nguo za namna hiyo. Rangi moja ya udongo inakutosha. Kama ni uwindaji, uwe na leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na mkiwa wawili au zaidi, kila mmoja avae kizibao cha rangi ya chungwa. Kwenye kichaka kama vile vya Itigi, vilivyobanana na kumzidi mtu kimo, mwenzako akiwa hatua kumi tu humwoni, na risasi haiulizi. Kwale atakiona kizibao, kweli. Mwache aruke.

Shati: mikono mirefu, vifungo hadi shingoni, kaki nyepesi inatosha. Sweta livae ndani yake, maana kitambaa cha vitanzi kikishikwa na kulabu kinafumuka. Miwani myeupe ya kinga, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ni ya lazima. Tawi aliloliachia aliyekutangulia hurudi usawa wa macho.

Viatu vinahitaji makala yake, ila nitasema hili. Soli ya sponji ni hatari kuliko katambuga, kwa sababu mwiba unapita chini na wewe umejiamini. Katambuga ina tairi chini lakini inaacha mguu wazi juu. Nunua buti la ngozi la kufunika kifundo, soli ngumu, na ukipata lenye bati la chuma ndani ya soli, vumilia uzito.

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, usinunue suruali. Mpe fundi viatu vipande viwili vya ngozi au turubai akushonee kinga za miguu, za kuanzia juu ya buti hadi chini ya goti, na mikanda miwili kila mguu. Mikanda ifungiwe upande wa nje, buckle zikitazama nyuma, ili unapopita vichaka visizishike. Zivae juu ya suruali uliyonayo.