Wino wa rangi nzito: upi uujaze kwenye kalamu yako ya nibu

Wino wa rangi nzito usiupime ndani ya chupa, maana humo wote ni mweusi. Andika mstari mmoja, uache ukauke, kisha uinamishe karatasi kwenye mwanga. Utaona pale nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu, ilipotua mwishoni mwa herufi rangi imekolea, na pale ilipopita mbio imefifia. Mimi nanunua kwa ajili ya mchezo huo wa rangi, na ndio ulionipangia orodha hii.

Nafasi ya kwanza naipa Shin-kai, katika mfululizo wa Iroshizuku wa kampuni ya Pilot ya Japani. Jina hilo lina maana ya bahari ya kina, na kweli ni bluu ya kilindini, iliyochanganyika na kijivu. Barua ya kazi inaibeba bila shida, na shajara ya usiku pia. Hutiririka vizuri hata kwenye nibu nyembamba, na kalamu husafishika kwa maji matupu. Kama hujawahi kumiliki wino wa rangi nzito, anza na huu.

Wa pili ni Oxblood wa Diamine, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1864. Kiswahili kina jina lake tayari: damu ya mzee. Kwenye nibu nyembamba huonekana mwekundu. Kwenye nibu nene huiva hadi kukaribia kahawia. Naupenda kwa kusahihishia kazi za watu, kwa sababu unaonekana wazi bila kufoka kama wino mwekundu wa kawaida. Udhaifu wake ni maji: kidole chenye unyevu kikipita juu yake, ukurasa umechafuka.

Anayeandika mambo ya kudumu auruke huo, achukue wino wa chuma. Mchanganyiko wake ni chumvi ya chuma na tindikali za aina iliyokuwa ikitolewa kwenye vinundu vya miti ya mialoni. Registrar's Ink wa Diamine ni wa jamii hiyo, jamii iliyotumika kuandikia vitabu vya usajili wa ndoa huko Uingereza. Unapoandika, mstari hutoka bluu. Hewa ikiugusa, chuma hubadilika na kushikamana na karatasi, na rangi huzama taratibu. Rudi kesho utakuta umekaribia weusi, na maji hayauondoi. Anayependa zambarau iliyopoa atazame Scabiosa wa Rohrer & Klingner, wa jamii hiyohiyo. Yote miwili ina tindikali, kwa hiyo osha kalamu mara kwa mara na usiiache imejaa wiki nyingi bila kuitumia.

Carbon Black wa Platinum nauweka wa nne, ingawa kwa wachoraji ungekuwa wa kwanza. Rangi yake ni chembe za kaboni zisizoyeyuka, hivyo ukishakauka unaweza kupaka rangi za maji juu yake na mstari usitetereke. Lakini ukikaukia ndani ya kalamu, kuutoa ni kazi kubwa. Uweke kwenye kalamu unayoandikia kila siku.

Mweusi wa kawaida? Aurora Black wa Italia, basi. Perle Noire wa J. Herbin wa Ufaransa nao ni laini, ila Aurora una weusi mzito zaidi.

Usijaribu kabisa kujaza wino wa kalamu za kuchovya wenye sheliki, hata kama weusi wake umekuvutia. Sheliki hukauka kama vanishi na kuziba njia ya wino.

Halafu iangalie karatasi yako kabla ya kulipia chupa. Kama ni ile inayonyonya, Shin-kai na Oxblood zitakupa mstari bapa wenye kingo zilizoota vinyweleo, na ule mchezo wa rangi hutauona. Kwa karatasi hiyo napindua orodha yangu: wino wa chuma unapanda juu, kwa kuwa hautambai ovyo.