WSL2 kwa kazi za ESP32 kwenye Windows: nimeikubali, ila USB ilinitoa jasho

Mimi natengeneza vipimo vya maji kwenye matenki, bodi zangu ni ESP32 (chipu ndogo za kuprogramu zenye Wi-Fi), na laptopu niliyonayo ni moja tu, Windows 11 RAM 8GB, siwezi kuifuta niweke Linux maana hiyo hiyo ndo mke wangu anapigia hesabu za duka. Zamani nilikuwa nawasha mashine pepe nzima (kompyuta ndani ya kompyuta) ya Ubuntu, aina ya Linux, ukifungua na brauza kidogo tu kila kitu kinaganda. Ndo nikahamia WSL2, ile njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows, na sijarudi nyuma.

Kuiweka ni rahisi kweli, unafungua PowerShell kama administrata unaandika wsl --install, unaristati, Ubuntu hiyo hapo. Ikigoma ingia BIOS (mipangilio ya kabla Windows haijawaka) uone kama virtualization, yaani uwezo wa kuendesha mashine pepe, imewashwa, yangu ilikuwa imezimwa. Baada ya hapo ESP-IDF (zana za kutengenezea programu za ESP32) unaishusha na git na kurun install.sh kama vile uko kwenye Linux ya kawaida, ila jiandae bando, ni giga kadhaa hizo.

Sasa kuna kitu kilinipotezea siku nzima. Projekti yangu niliiacha kule kule kwenye Desktop ya Windows nikawa naifikia kupitia /mnt/c (pale Linux inapoiona diski C ya Windows), kukompaili ikawa nabandika chai inaiva naimwaga kikombeni bado haijamaliza!! Nikadhani laptopu imechoka, kumbe WSL2 ina diski yake yenyewe ya ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux), na kila faili la upande wa Windows inabidi liombwe kwa kupitia daraja katikati, na ESP-IDF inagusa mafaili mengi mno kwa bildi moja. Nikahamisha projekti yote kwenye home ya Ubuntu, mambo yakawa mepesi hapo hapo. Jamani wekeni kodi za programu ndani ya Linux, VS Code (kihariri cha kodi) mnaifungua kwa code . na inafanya kazi vizuri tu.

USB ndo penye kazi. WSL2 ni mashine pepe kwa hiyo ukichomeka bodi haiioni, /dev/ttyUSB0 (jina la bodi upande wa Linux) hakuna. Dawa yake ni usbipd-win, programu ya kupitisha USB kutoka Windows kwenda WSL2: usbipd list upate namba ya bodi, usbipd bind mara moja tu ukiwa administrata, halafu usbipd attach --wsl kila ukichomeka. Maelezo mengi ya zamani yanaandika usbipd wsl attach, hiyo iliondolewa toka toleo la 4 kwa hiyo usihangaike nayo. Ikikwambia permission denied jiweke kwenye grupu la dialout (lenye ruhusa ya kutumia port za serial) kisha wsl --shutdown uwashe upya.

Kwa RAM ndogo kama yangu, WSL2 ikiachwa hivi hivi inajiruhusu kuchukua mpaka nusu. Nimeandika memory=3GB kwenye .wslconfig (faili la mipangilio ya WSL2) na hesabu za duka zinaenda bila kukwama.

Bodi zenye chipu ya CP2102 (ya kugeuza USB kuwa serial) hazinisumbui kabisa, unaziristati na laini inabaki. ESP32-S3 kwa ile USB yake ya ndani ndo inakatika kila ikiristati, hiyo naiweka na --auto-attach ijiunge tena yenyewe na naliacha dirisha la PowerShell wazi mpaka nimalize kufleshi, yaani kupakia programu kwenye bodi.