Pasteli laini za Rembrandt kwa kuchora mandhari hapa Dar, uzoefu wangu

Wadau habari zenu. Kila siku naona watu wanauliza wanunue pasteli gani za kuchora mandhari, mi natumia Rembrandt laini, seti ya mandhari ya vipande nusu, nimechora nayo Kunduchi, Kigamboni mpaka Pugu huko, kwa hiyo naongea kitu nakijua. Kwa kifupi nunua, ila usikimbilie seti kubwa, hela itakayobaki weka kwenye karatasi.

Kwanza tuelewane, hizi sio pasteli za mafuta zile zinazonata ambazo watoto wanatumia shuleni. Hizi ni unga wa rangi umeshikwa na gundi kidogo sana, ukigusa tu karatasi inaachia, hakuna maji, hakuna brashi, hakuna kusubiri ikauke. Na kwa pwani yetu hilo ndo jambo lenyewe maana mwanga hausubiri mtu. Halafu watu wanasahau kitu kimoja, Dar bahari iko mashariki, jioni jua linazama nyuma yako upande wa bara, sasa ukikaa Kunduchi saa kumi na mbili hivi ukaangalia majini huoni jua la machungwa, unaona mbingu ya waridi juu na chini yake mstari wa bluu ya kijivu inayopanda taratibu kutoka kwenye maji, na ule mstari unapanda fasta kweli, ukianza kuchanganya rangi za maji umeshachelewa. Pasteli unachukua kipande unakilaza ubavu unapitisha, imeisha.

Nilianza na boksi moja la bei poa nililouziwa mjini, jina naliacha, vipande vilikuwa vigumu vinakwaruza karatasi na rangi haitoki mpaka ukandamize, ukitaka kuweka mwanga juu ya giza haukubali kabisa. Rembrandt ni tofauti kubwa. Ni laini lakini haivunjikivunjiki ovyo mkononi, na ncha ya kona unaweza kuchorea mlingoti wa ngalawa au mizizi ya mkoko bila shida.

Kitu ninachokipenda zaidi ni namba zake. Hawa Royal Talens wa Uholanzi, ndo wanaotengeneza Rembrandt, kila rangi wameipa namba, halafu baada ya mkato kuna namba nyingine ndogo. Ukiona 5 ujue ni rangi yenyewe haijaguswa, 3 imetiwa nyeusi, kuanzia 7, 8, 9 mpaka 10 ni nyeupe inazidi kuongezwa. Kwa hiyo ukimaliza kipande humbabaishi mtu anayekuletea kutoka nje na maelezo ya bluu ya hivi ya vile, unamtumia namba tu kwa wasap, 506,5 basi, anarudi nacho hicho hicho. Usitupe lile karatasi la kuzungushia kipande kabla hujaandika namba yake pembeni.

Mi niliongezea za giza kimoja kimoja, hasa 508,3 ambayo ni bluu ya Prussia iliyoiva, na 411,3 ya udongo mwekundu uliokolea. Hizi mbili ndo zinazobeba mikoko yangu. Watu wengi mkoko wanaupaka kijani toka mwanzo mpaka mwisho, unatoka unang'aa kama plastiki. Anza na ule udongo mwekundu chini, paka kivuli chote cha mti, juu yake bluu ya giza sehemu za ndani, ndo kijani ije mwisho na iwe kidogo, acha wekundu uchungulie katikati ya majani. Kijani kinatulia chenyewe. Na tope la maji kupwa sio kahawia jamani, kaangalieni vizuri, lina zambarau na kijivu, na pale penye maji maji limebeba rangi ya mbingu, kwa hiyo kile kipande ulichochorea mbingu ndo hicho hicho unagusia topeni mara mbili tatu, unaacha.

Karatasi natumia Canson Mi-Teintes, ya gramu 160, ya rangi sio nyeupe. Upande mmoja una vishimo vishimo vinaonekana kabisa, upande wa pili umetulia zaidi, mi natumia huu wa pili kwa sababu kwenye mbingu vile vishimo vinanikera. Kama unajifunza tu nenda duka la vifaa vya ujenzi chukua msasa wa maji namba 600, ule wa mafundi rangi wa magari, unashika unga vizuri mno ingawa unakula chaki, ila kazi ya kuuza usiiweke humo maana msasa haujatengenezwa kutunza picha miaka.

Joto la hapa nalo lina mambo yake. Mkono ukitoa jasho ukagusa picha, doa hilo halitoki, weka kitambaa kikavu pajani muda wote. Unga ukijaa usiupulize kwa mdomo, unauvuta mwenyewe, na kuna rangi sio nzuri kwa mapafu, gonga ubao nyuma udondoke. Vipande vikichafukana vitie kwenye kopo lenye mchele mkavu, tikisa, chuja, vinatoka safi (mchele huo usirudi jikoni).

Dawa ya kupuliza ili rangi ishike naitumia kwenye tabaka za chini tu, kwa sababu inatia giza, mawingu yako meupe yote yanafifia. Ulinzi wenyewe ni kioo. Fundi mmoja alinibandikia kioo moja kwa moja juu ya picha ya Pugu, unga wote wa vilima vya mbali ukahamia kwenye kioo, na kwa unyevu wetu hapo ukungu nao unapata pa kukaa. Sasa hivi namwambia fundi kabla hajakata kitu, aweke fremu ya kadibodi nene katikati, kioo kisiguse picha popote, nyuma azibe vizuri kwa tepu, na nakaa hapo hapo mpaka amalize.