Kukodi mahema na kupangiwa safari ya kulala porini Rufiji: jamaa wa Mwenge, nyota nne

Kwa wale mnaoulizia kila siku nani hapa Dar anakodisha vifaa vya kempingi na anaweza kukupangia safari nzima, mimi nimewatumia jamaa fulani wa maeneo ya Mwenge kwenda Hifadhi ya Nyerere, ule upande wa maziwa ya mto Rufiji. Jina la ofisi silitaji maana kuna vitu nitawasema vibaya na wenyewe wameahidi kuvirekebisha, wacha niwape nafasi.

Kwanza jua kabisa hawa watu ni wasumbufu. Unaenda na hela yako unataka kulipa usepe, wao wanaanza maswali, mko wangapi, kuna mtoto, nani ana pumu au presha, gari gani, nani anaendesha, mmeshawahi kulala karibu na maji yenye viboko? Sisi tulitaka kwenda Pasaka, dada wa pale akagoma kupokea hata advansi. "Kaka, Aprili siwapeleki Rufiji, mtatolewa huko na trekta." Mwenzangu alinuna lakini dada yuko sahihi, masika ni Machi mpaka Mei, ukishaacha lami pale Kibiti kwenda Mloka, kijiji cha jirani na geti la hifadhi, mvua ikishuka ni tope tupu, na kambi nyingi za kitalii huko zinafunga Aprili na Mei. Na mafuriko ya 2024 Rufiji na Kibiti wote tuliyaona kwenye taarifa ya habari. Tukasogeza mpaka Agosti, kiangazi, maji yamepungua na wanyama wamesogea kwenye maziwa, ikawa poa sana kuliko tulivyotaka wenyewe.

Kingine, hawakupi hema likiwa kwenye begi. Wanakutandikia uani nyuma ya ofisi, unalisimamisha mwenyewe wao wanaangalia tu, halafu unalikunja na kulisimamisha tena bila kusaidiwa. Jua la saa saba mchana, Mwenge, unapigilia vigingi vya hema na nyundo! Ila tulifika kambini jua linazama na hema likasimama chapchap, hapo ndo nikaelewa kwanini wanatesa watu.

Halafu kuna karatasi wanakupa, kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, na kwangu mimi hiyo ndo inayostahili hela kuliko hata mahema. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani maana zinavuta mbung'o, wengine mnawaita ndorobo, na yule mdudu anauma juu ya jinzi bila aibu. Usioge ziwani wala usikanyage maji hata kama ni ya kisigino, mamba ndo sababu ya kwanza na kichocho ya pili. Matunda yasilale ndani ya hema, hasa machungwa na maembe, tembo akisikia harufu anakuja kuchukua chake na hema halimzuii. Viatu vya ngozi usiache nje, fisi anavitafuna. Choo, kama hakuna cha shimo, chimba kama sentimita 15 hadi 20, mbali na maji hatua mia hivi, ufukie. Vyombo usioshee ziwani, chota maji kwenye ndoo ukaoshee mbali. Ukisoma unaona kabisa aliyeandika ameshalala huko sana na sio mtu aliyekopi kwenye intaneti.

Sasa ile ishu ya kambi. Tulilala Ziwa Tagalala, na ukienda usitegemee huduma za hotelini, maji ya kunywa na kuni au gesi beba mwenyewe. Jamaa walisisitiza tupange askari wa hifadhi mwenye bunduki, nikajua wanatafuta kuongeza bili. Mzee tuliyepewa alipofika hakugusa hata begi, akazunguka kwanza anaangalia nyasi. Palipokuwa panaonekana patamu kuliko kote, chini ya mti, pakavu, unaliona ziwa lote, akasema hapana. Akatuonyesha, nyasi zimelala njia mbili sambamba na katikati zimesimama, na vichakani mavi yamerushwa rushwa huku na huku. Njia ya kiboko hiyo. Usiku anapanda kula majani na alfajiri anarudi majini kwa njia ile ile, na ukiwa umekaa katikati yake na maji basi wewe ndo tatizo. Tukasogea juu kwa mbali. Na kweli usiku walipita, unasikia krrp krrp mtu anang'oa majani, watu wazima tumelala kimya tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Asubuhi nyayo zilikuwa pale pale mzee aliposema.

Takataka nazo wana utaratibu ambao sijauona kwingine. Wanachukua amana, elfu hamsini kwa kundi, wanakupa magunia, mkirudi wanachungulia mmerudi na nini. Kopo, betri, taulo za kike, mifupa ya kuku, vyote virudi Dar. Vyakula wanataka muweke kwenye madeli na vikapu, mifuko ya plastiki ya kubebea hata msifikirie, imepigwa marufuku nchi nzima toka tarehe 1 Juni 2019. Ukanda ule wa chini, delta ya Rufiji mpaka Mafia na Kilwa, upo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu, toka 2004, na maji ya hayo maziwa yanaishia huko huko, kwahiyo chupa unayotupa Tagalala inaenda kwa wavuvi na mikoko. Hela yetu tulirudishiwa yote.

Haya, mabaya sasa. Hema moja zipu yake ilikuwa inakwama nusu, na nusu ya zipu kule bondeni maana yake ni mbu usiku kucha, tukafunga kwa pini za nguo. Tochi za kichwa mbili zilikufa usiku wa kwanza, betri za bei rahisi hizo. Mbaya zaidi ni ile bei wanayokutajia kwenye simu, haina kiingilio cha hifadhi, haina kambi, haina askari, na hawakwambii mpaka uulize. Malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, sio keshi mkononi, kwahiyo mfanye hesabu mapema mkiwa bado mjini na mtandao upo. WhatsApp wanajibu wanavyojisikia, bora uende mwenyewe.

Dereva wao nampa kumi kwa kumi, aligoma kutoka nje ya njia hata simba alipokuwa mbali kidogo na mwenzetu anamsihi amsogelee apige picha. Mafuta alijaza full Kibiti bila kukumbushwa.

Julai na Agosti wekeni nafasi mapema, wana mahema machache. Jumamosi wanafungua mpaka saa nane, na gari msiende nalo maana parking pale ni vita, chukueni bajaji.